Bunduki ya upepo haifunguliwi kwa bisibisi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nirekebishe jambo moja lililotolewa hivi karibuni katika safu yenu ya ufundi wa nyumbani. Mwandishi wa safu hiyo aliwaeleza wasomaji kwamba bunduki ya upepo inayotumia springi ni kifaa chepesi kama pasi au redio, na kwamba mtu mwenye bisibisi na nusu saa ya nafasi anaweza kuifungua juu ya meza ya jikoni, kutoa springi iliyochoka, kutia mpya na kuifunga. Mimi ni fundi mitambo mstaafu, ninaishi Birmingham, Uingereza, na bunduki za aina hiyo nimezifungua na kuzitengeneza kwa zaidi ya miaka ishirini, zangu mwenyewe na za rafiki zangu tukiwa tumekaa pamoja mezani. Nakubaliana na mwandishi kwamba kazi hiyo inaweza kufanyiwa nyumbani, na mtu anayependa ufundi ataifurahia sana. Ninachopinga ni kwamba aliruka hatua moja, na hatua hiyo ndiyo inayoamua kama mtu atainuka mezani akiwa na vidole vyake vyote na macho yake mawili.

Msomaji aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono ameshaijua nusu ya bunduki hii. Ndani ya pampu kuna fimbo yenye kipande cha ngozi kilichokunjwa kama kikombe, ngozi hiyo inabana kuta za bomba, na upepo hauna pa kwenda ila kutokea kwenye tundu dogo la mbele. Bunduki ya springi ni pampu hiyohiyo, isipokuwa inayosukuma pistoni si mkono wa mtu bali ni springi nene ya chuma. Mtu anapoukunja mtutu kuelekea chini, au anapovuta wenzo ulio chini ya mtutu au ubavuni, anairudisha pistoni nyuma na kuibana springi mpaka pistoni inaswe na ndoano ya kifyatulio. Anapofyatua, ndoano inaachia, pistoni inachupa mbele, upepo ulio mbele yake unabanwa kwa kitambo kifupi mno na kupata joto kali, kisha unapenya kwenye tundu na kuisukuma risasi, ambayo ni kipande kidogo cha madini laini chenye kiuno chembamba. Hakuna baruti, hakuna chupa ya gesi, wala hakuna upepo uliohifadhiwa popote ndani ya bunduki kabla ya kufyatua.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kwa kuwa hakuna upepo uliohifadhiwa, mtu hudhani kwamba bunduki iliyokwisha kufyatuliwa imetulia kabisa, kama mpira uliotolewa upepo, na kwamba akiifungua atakuta springi imelegea ikisubiri kuchomolewa. Sivyo. Watengenezaji huitia springi ikiwa tayari imebanwa, kwa sababu springi iliyolegea ingechezacheza ndani ya pistoni, ingepiga kelele, na isingekuwa na nguvu ya kutosha pistoni inapokaribia mwisho wa safari yake. Ukiitoa springi mpya na kuilaza kando ya silinda iliyokuwa imekaa, utaona imezidi nafasi yake kwa sentimita kadhaa. Sentimita hizo ndizo mbano wa awali, na mbano huo uko pale wakati wote, usiku na mchana, bunduki ikiwa imekokiwa au haijakokiwa. Kinachouzuia ni kizibo cha nyuma tu, na kizibo chenyewe kimeshikiliwa ama na pini moja au mbili zilizopita ubavuni, ama na meno yake ya skrubu yaliyozungushiwa ndani ya silinda. Anayegonga pini hizo zitoke, au anayezungusha kizibo mpaka jino la mwisho bila kuweka kitu cha kukipokea, ameiachia springi ikirushe chuma hicho moja kwa moja kifuani au usoni mwake.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa HW35 ya kampuni ya Weihrauch ya Ujerumani, bunduki ambayo ilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ambayo mafundi wengi bado wanaiheshimu kwa uimara wake. Niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa jirani yangu mzee ambaye alikuwa ameacha kulenga shabaha kwa sababu ya macho. Ilikuwa ikisaga ndani kila ninapoikoki, nami nikajua springi imevunjika. Nilikuwa nimefanya kazi na mashine za kukereza na za kukata chuma kwa miaka mingi, nikaona kifaa kama kile hakiwezi kunishinda. Kizibo cha HW35 ni cha kuzungusha kama mfuniko wa chupa. Nilikizungusha kwa mkono wa kulia huku nimeiegemeza bunduki tumboni, na kwa mizunguko mingi ya mwanzo kilikuja kwa utulivu kabisa, bila kunipa dalili yoyote. Kilipofika jino la mwisho kilinitoka mkononi kwa mshindo, kikanichana kiganja, kikavunja kigae cha ukuta juu ya sinki. Mke wangu alikuwa amesimama pale dakika moja kabla. Kovu la kiganjani limepungua siku hizi, lakini sijasahau mahali alipokuwa amesimama, na niliposoma safu yenu niliwafikiria vijana wetu ambao hufanya kazi hizi chumbani, watoto wadogo wakiwa wameketi kando wakitazama.

Jirani yangu yule aliponiona na bendeji hakunilaumu. Siku iliyofuata alikuja na kifaa alichokitengeneza mwenyewe: ubao mzito wa urefu wa meta moja na nusu hivi, upande mmoja una kituo cha kuegemezea mdomo wa bunduki, upande wa pili una kipande cha chuma kilichochomelewa nati kubwa, na ndani ya nati hiyo inapita skrubu ndefu yenye mpini. Bunduki, ikiwa imevuliwa kitako, inalazwa juu ya ubao na kufungwa isiyumbe, skrubu inazungushwa mpaka iguse kizibo na kukisukuma ndani kidogo, na hapo tu ndipo pini zinapotolewa au kizibo kinapoanza kuzungushwa, huku skrubu ikirudishwa nyuma polepole kufuata mwendo wa springi mpaka springi iishiwe nguvu yenyewe. Hicho ndicho kibanio cha springi, na hiyo ndiyo hatua aliyoiruka mwandishi wenu. Kinauzwa madukani, lakini mtu mwenye klampu ndefu ya seremala, ile ya kubania mbao zilizotiwa gundi, anaweza kuitumia vilevile, mradi ahakikishe kwamba taya lake limekaa katikati ya kizibo na haliwezi kuteleza. Jiliwa la mezani pekee halitoshi, wala kumwomba ndugu akandamize kwa kifua hakufai hata kidogo. Mtu anaweza kushinda mbano wa springi kwa sekunde chache, lakini hawezi kuufuata kwa utulivu unapoachia, na kazi yote iko katika kule kuachia.

Kabla hata ya kufika kwenye kibanio, ningependa wasomaji wajiulize kama bunduki yao inahitaji kufunguliwa. Nimeletewa bunduki nyingi zilizosemekana kuwa zimechoka springi, nikakuta tatizo ni skrubu za kitako zilizolegea. Bunduki ya springi ina teke la namna yake: pistoni inapochupa mbele, bunduki inarudi nyuma, na pistoni inapofika mwisho na kugota, bunduki inavutwa mbele, mambo hayo mawili yakitokea kabla risasi haijaenda mbali. Mtikiso huo wa pande mbili huzilegeza skrubu kidogo kidogo, na ndio unaoharibu darubini ambazo hazikutengenezwa kwa bunduki za aina hii. Skrubu zikiwa zimekazwa na bado risasi inatoka kinyonge, tazama pete ya kuzibia iliyo nyuma ya mtutu, pale mtutu unapokutana na silinda. Weka kipande chembamba cha karatasi laini ya chooni juu ya kiungo hicho, tia risasi, elekeza mahali salama na ufyatue. Karatasi ikirushwa, upepo unavujia hapo, na kubadilisha pete ni kazi ya dakika tano isiyohusu springi hata kidogo. Lakini ukisikia kusaga wakati wa kukoki, au ukihisi springi inakwamakwama, au nguvu ikiwa imepungua sana baada ya bunduki kuachwa imekokiwa kwa saa nyingi, hapo springi yenyewe ina shaka na ni lazima ifunguliwe.

Kazi yenyewe inaanza kwa kuhakikisha kwamba hakuna risasi mtutuni na kwamba bunduki haijakokiwa, na hili halitazamwi kwa kukumbuka bali kwa kufungua na kuona. Miwani ya kulinda macho ivaliwe tangu mwanzo, kwa sababu hata vitu vidogo vina springi zake. Kwa mfano, bunduki nyingi za Weihrauch zenye kifyatulio kiitwacho Rekord zina kitufe cha usalama kilichokaa katika kizibo, na chini yake kuna springi ndogo kama ya kalamu, ambayo hurusha kitufe hicho mara tu kifyatulio kinapochomolewa. Mtu asiyejua hutumia jioni nzima akitafuta springi hiyo kwenye zulia. Kifyatulio chenyewe kikishatoka kiwekwe pembeni kikiwa kizima. Ni sehemu iliyopangwa kwa vipimo vidogo mno, haichakai haraka, na anayekifungua kwa udadisi tu, au anayekisugua ndoano kwa tupa ili kiwe chepesi, anaweza kutengeneza bunduki inayojifyatua inapowekwa chini.

Springi ikishatoka, pistoni huvutwa nje baada ya kutenganishwa na mkono wa kukokia, jambo ambalo kwa bunduki za kukunja mtutu kwa kawaida hudai mtutu utolewe kwenye bawaba yake. Mbele ya pistoni ndipo ilipo sili, yaani kipande cha kuzibia upepo usipite kando ya pistoni, ambacho kwa bunduki za zamani ni ngozi na kwa bunduki za sasa ni plastiki imara inayonyumbulika. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri huharibika bila fundi kujua. Silinda ina mfereji mrefu uliokatwa upande wa chini, ambamo mkono wa kukokia unapita, na kingo za mfereji huo mara nyingi huachwa kali kutoka kiwandani. Sili mpya ikipitishwa juu ya kingo hizo inachanwa kidogo, mchano usioonekana kwa macho, na fundi hufunga bunduki yake yote, anajaribu, anakuta haina nguvu, analaumu springi aliyoinunua. Nilivyofundishwa ni kupitisha kidole, kwa uangalifu, kwenye kingo zote, kuzilainisha kwa tupa ndogo au msasa mwembamba, kusafisha unga wote wa chuma, kisha kuzifunika kwa ukanda wa plastiki wakati sili inapita. Sili ya ngozi inastahimili zaidi, lakini inataka kulowekwa mafuta ya kulainisha ngozi mpaka iwe nyororo, kama vile babu zetu walivyofanya na ngozi ya pampu ya baiskeli ilipokauka wakati wa kiangazi.

Kuhusu grisi, mwandishi wenu alisema springi itiwe mafuta mengi ili isipate kutu. Ushauri huo utaharibu bunduki. Nimetaja kwamba upepo ulio mbele ya pistoni hupata joto kali unapobanwa. Joto hilo linatosha kuwasha mafuta, kama yanavyowashwa ndani ya injini ya dizeli, ambayo nayo haina plagi ya cheche. Mafuta mepesi yaliyotiwa ovyo hupita kando ya sili, yanaingia mbele, na bunduki inaanza kulipuka kwa kishindo na kutoa moshi. Mlipuko mkubwa huirudisha pistoni nyuma kwa nguvu na kuivunja springi mpya ndani ya wiki moja, au huchoma sili, na risasi hutoka kwa mwendo ambao mwenye bunduki hakuutarajia. Kwa hiyo sehemu zote zisafishwe kwa mafuta ya taa au kitu kama hicho na kukaushwa kabisa, kisha ubavu wa pistoni na kuta za silinda zinaposuguana zipakwe grisi nyeusi ya molibdenamu kwa kiasi cha kuacha rangi tu, na springi ipakwe grisi nzito inayonata, kwa uchache, ili ipunguze mtetemo. Mbele ya sili kusiwe na kitu. Bunduki yenye sili ya ngozi ndiyo pekee inayodai tone moja moja la mafuta kila baada ya muda, na hata hiyo hutoa moshi kidogo katika risasi za mwanzo.

Kurudisha ni kama kutoa, kwa mpangilio wa kinyume, na kibanio kinahitajika zaidi, kwa sababu springi mpya ina nguvu kuliko ile iliyotoka. Kizibo cha kuzungusha kinatakiwa kipate meno yake sawasawa. Kikiingia upande na kulazimishwa kwa spana, meno ya silinda yanakufa, na silinda yenye meno yaliyokufa haifai kitu. Mimi hukirudisha nyuma kwanza taratibu mpaka nisikie kinaangukia jino lake, ndipo ninapokizungusha mbele kwa mkono mtupu. Baada ya kufunga, usijaribu bunduki tupu. Pasipo risasi mtutuni, upepo unatoka bila kizuizi, hakuna mto wa upepo wa kuipokea pistoni, nayo inagota mwisho wa silinda kwa nguvu zote za springi.

Katika kukoki kwa mara ya kwanza, mkono mmoja usiachie mtutu au wenzo hata kidogo mpaka uhakikishe kwamba ndoano imeshika. Ndoano ikiteleza wakati mtutu umekunjwa, mtutu unarudi juu ghafla kwa nguvu ya kuvunja kidole au kuupinda mtutu wenyewe. Kwa bunduki za wenzo wa chini, ambazo silinda yake huteleza nyuma na kuacha nafasi wazi ya kutilia risasi, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kidole kinakuwa ndani ya nafasi hiyo. Zimewahi kukata vidole, ndiyo maana watengenezaji waliziwekea vizuizi maalumu. Anayekuta kizuizi hicho kimechakaa akibadilishe, asikitoe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo safu yenu haikuligusa kabisa, nalo linawahusu wasomaji wenu wengi walioko Ulaya. Hapa Uingereza na Wales, bunduki ndefu ya upepo yenye nishati isiyozidi futi-pauni 12 mdomoni mwa mtutu, yaani takribani jouli 16.3, inaweza kumilikiwa na mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea bila cheti, mradi hana kizuizi kingine cha kisheria. Ikizidi hapo inahesabiwa kama silaha ya moto na inadai cheti cha polisi. Mwandishi aliwashauri wasomaji wachague springi yenye nguvu zaidi ili bunduki iende mbali. Hebu wafanye hesabu hii pamoja nami. Risasi ya kipenyo cha milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.547 ikitoka kwa mwendo wa meta 240 kwa sekunde ina nishati ya jouli 15.8 hivi, na iko ndani ya sheria. Ikitoka kwa meta 250 kwa sekunde ina jouli 17.1, na mwenye bunduki ameshavunja sheria akiwa ameketi sebuleni kwake. Hizo ni meta kumi tu za tofauti, ambazo hakuna sikio wala jicho linaloweza kuzitambua, na ambazo springi mpya, sili mpya, au hata aina nyingine ya risasi inaweza kuziongeza. Ndiyo maana kila anayebadilisha springi anapaswa kupima mwendo wa risasi kwa kifaa kiitwacho kronografu, na ajaribu risasi za uzito tofauti. Vifaa hivyo siku hizi si ghali, na klabu nyingi za shabaha zina kimoja ambacho mwanachama anaweza kukitumia.

Wala sheria hiyo haifanani kila mahali. Ndugu zetu waliohamia Uskoti wanahitaji leseni kwa bunduki hizi tangu tarehe 31 Desemba 2016, na anayesafiri na yake kutoka Birmingham kwenda Glasgow anahitaji kibali cha mgeni. Ireland Kaskazini inadai cheti kwa kitu chochote kinachozidi jouli moja. Ujerumani mpaka ni jouli 7.5, na bunduki halali huwa imegongwa alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano; kwa sababu hiyo kiwanda kilekile hutengeneza bunduki moja ikiwa na springi laini kwa wateja wa nyumbani na springi ngumu kwa wateja wa nje, na zote mbili zinauzwa kwenye intaneti zikiwa na jina moja. Msomaji aliyeko Hamburg akiagiza springi kutoka Uingereza kwa sababu jina la bunduki linalingana, anaweza kujikuta na silaha asiyoruhusiwa kuwa nayo bila kubadilisha kitu kingine chochote. Kwa wasomaji walioko nyumbani Afrika Mashariki, ombi langu ni kwamba wasipokee bunduki ya upepo wala vipuri vyake kutoka kwa jamaa wa ughaibuni kabla ya kufika kituo cha polisi na kuuliza masharti ya nchi yao, hata kama muuzaji wa huku ameiita kifaa cha michezo.

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kwa nini mtu aone taabu yote hii kwa bunduki ya springi wakati siku hizi ziko za upepo uliojazwa kwenye chupa, zisizo na teke na zenye shabaha nzuri zaidi. Mji huu ninaoishi umenifundisha kuzipenda. Hapa Birmingham ndipo Lincoln Jeffries alipopata hataza ya bunduki yake ya upepo mwaka 1904, na kampuni ya BSA, iliyoanzishwa hapahapa mwaka 1861, ikaanza kuitengeneza. Katika kumbi na baa za eneo hili watu wazima walishindana kwa vizazi kadhaa kulenga tundu dogo lenye kengele nyuma yake, na aliyepata kengele alisikiwa na ukumbi mzima. Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Bunduki aliyoniuzia ilikuwa imefunguliwa na kufungwa na mikono yake kwa miaka zaidi ya thelathini, haijawahi kupelekwa kwa fundi mwingine, na mpaka leo inapiga mahali inapoelekezwa. Kifaa kinachoweza kutengenezwa na mwenyewe kwa vipande vitano au sita, kikaishi kumpita, ni kitu cha thamani, nami ningesikitika kama vijana wetu wangekiogopa kwa sababu ya ajali ambayo ingeweza kuzuiwa na ubao mmoja na skrubu moja.

Ndugu Mhariri, naomba mambo mawili. La kwanza, mchapishe masahihisho katika safu ileile na kwa ukubwa uleule, yakieleza kwamba springi hubaki imebanwa hata baada ya kufyatua na kwamba kizibo hakifunguliwi bila kibanio, kwa sababu anayekata ukurasa wa ufundi na kuubandika ukutani hatausoma ukurasa huu wa barua. La pili, sentensi iliyowashauri wasomaji kutia springi yenye nguvu zaidi iondolewe katika toleo lenu la intaneti. Niko tayari kumtumia mwandishi wa safu mchoro wa kibanio cha jirani yangu pamoja na vipimo vyake vyote, autumie kama apendavyo, bila malipo na bila kutajwa jina langu.

Ni mimi msomaji wenu,

Fundi mitambo mstaafu,
Birmingham, Uingereza